Sehemu ya Pili Inadaiwa Nini?

Mtaje Sridevi, nyota wa filamu za Kihindi, mbele ya watu wa makamo hapa Pujini, Pemba, na swali litakuja hapo hapo: Nagina ipi, ya kwanza au ya pili? Muulizaji analo jibu lake tayari. Barazani hakuna asiyejua kuwa ya kwanza ndiyo yenyewe. Kinachogombaniwa ni sababu. Mmoja atakwambia Amrish Puri alikuwa adui wa kweli, na Anupam Kher aliyemfuatia hakumfikia hata nusu. Mwingine atataja nyimbo. Wa tatu atasema stelingi wa mwanzo, Rishi Kapoor, hakupata mbadala. Naona wote wanatazama uso wa filamu, na tatizo liko chini zaidi, kwenye mswada. Ya kwanza ilikuwa na siri ya kutumia. Ya pili ilizaliwa siri imeshatumika.

Tuifungue taratibu. Nagina ilitoka mwaka 1986, mwongozaji wake Harmesh Malhotra. Kijana Rajiv anarudi kwao kutoka ng'ambo, anamkuta Rajni kwenye magofu ya jumba la zamani la familia, anampenda na kumuoa ingawa mama yake alishamchagulia mke mwingine. Mtazamaji anaonjeshwa dalili kidogo kidogo, mpaka anapoingia Bhairon Nath, bingwa wa nyoka, na kumwambia mama mkwe kuwa huyo aliyemkaribisha ndani si mtu. Filamu nyingine ingeishia hapo, ikawaacha wapambane. Nagina inaongeza tabaka jingine. Rajiv alipokuwa mtoto aliumwa na nyoka akafa. Bhairon Nath akamrudishia uhai kwa kuutoa kwa nyoka. Na nyoka huyo alikuwa mume wa Rajni. Mwanamke alikuja kulipiza kisasi, akaishia kupenda.

Angalia habari hiyo imewekwa wapi. Imecheleweshwa kwa makusudi, na inapotoka inarudi nyuma na kubadilisha kila ulichokwisha kukiona: ile harusi, ile subira yake mbele ya mama mkwe. Ndiyo maana ngoma ya mwisho, filimbi ya bingwa inapomvuta Rajni acheze ndani ya nyumba yake mwenyewe huku akipigana nayo kwa kila kiungo, bado inasimamisha nywele. Anayecheza pale ni mjane, ni mke, na ni adui aliyesamehe, wote watatu ndani ya mwili mmoja.

Nigahen, sehemu ya pili, ilitoka 1989. Mwongozaji yule yule, Sridevi yule yule, safari hii akiwa Neelam, binti wa Rajiv na Rajni. Adui ni Gorakhnath, mwanafunzi wa Bhairon Nath, anayesaka jiwe la thamani la nyoka. Adui wa pili kuwa mwanafunzi wa adui wa kwanza ni njia rahisi kuliko zote za kuendeleza hadithi, na mara nyingi ni dalili kuwa mwandishi ameishiwa. Lakini kosa kubwa zaidi ni jingine. Nagina ilipokwisha ilituachia swali zuri sana: binadamu na nyoka wameoana, mtoto wao atakuwa nani? Atakuwa wa upande upi? Nigahen inaye mtoto huyo mkononi. Inachofanya ni kumweka katika nafasi ya mama yake na kumpitisha njia ile ile, mbele ya watazamaji waliokwisha kuijua kila kona.

Hapo ndipo penye kipimo ninachokitumia. Filamu nzuri inapomalizika huacha deni: jambo lililofanyika na malipo yake hayajaonekana, mtu aliyeumizwa na hakupewa nafasi ya kusema, ushindi ambao bei yake haijatajwa. Sehemu ya pili inayofaa hulitafuta deni hilo na kulilipa. Isiyofaa hurudia mauzo.

Kwetu suala hili liliharibiwa na diski. Filamu za Bongo zilipopamba moto katika miaka ya 2000, ziliuzwa kwa VCD, na VCD moja hubeba dakika 74 hivi, ukiibana sana 80. Hadithi ya saa mbili haikuenea. Ikakatwa, na kila kipande kikauzwa kwa bei yake. Ukomo wa kifaa ukageuka kuwa mtindo wa uandishi: hata hadithi iliyotosha dakika 80 ilivutwa ijaze diski mbili. Ukitaka kuona namna ilivyovutwa, tazama mandhari za magari. Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anafungua bawa moja la geti, kisha la pili. Gari linaingia, linaegeshwa, injini inazimwa, mlango unafunguliwa, bibi anashuka, anarekebisha mkoba, anatembea mpaka mlangoni, anabonyeza kengele. Kinanda kinalia muda wote. Anapofunguliwa anaambiwa mwenye nyumba katoka, naye anarudi garini, na tunaanza tena kwa upande wa pili. Dakika nne zimekwenda na hakuna aliyejua jambo jipya.

Sisi tuliotazamia kwenye vibanda vya video tulizoea kuziita hizo «pati wani» na «pati tuu», lakini kwa haki hazikuwa sehemu ya kwanza na ya pili. Ilikuwa hadithi moja iliyokatwa kiunoni. Mkato uliwekwa pale bastola inapoinuliwa au barua inapofunguliwa, kwa sababu mkato huo ndio uliouza diski ya pili. Matokeo yake waandishi wetu wakapata ustadi wa kukatiza, wakapoteza ustadi wa kumaliza. Nalisema hili kwa uchungu, maana waigizaji walikuwepo. Marehemu Steven Kanumba angeweza kubeba mhusika kwa filamu tatu, akizeeka na kubadilika mbele yetu, kama mswada ungemruhusu.

Na si kwamba soko la kanda lenyewe ndilo lililozuia. Wanaijeria walianza njia hiyo kabla yetu, kwa kanda za VHS, na walianza vizuri. Living in Bondage ya mwaka 1992, aliyoitoa Kenneth Nnebue, inamfuata Andy Okeke, mtu aliyechoka na umaskini, anayeingia katika chama cha siri na kumtoa kafara mkewe Merit ili apate utajiri. Sehemu ya pili ikaja 1993. Mgawanyo wake una mantiki: mali inapatikana katika ya kwanza, bei yake inalipwa katika ya pili, mzimu wa mke ukimwandama mpaka akili inamtoka. Ukitazama ya kwanza peke yake umeona dhambi bila hesabu. Halafu, mwaka 2019, Ramsey Nouah, yule yule aliyecheza na Kanumba katika Devil Kingdom, akaongoza ya tatu, Breaking Free. Akamchukua mtoto wa Andy, kijana aliyelelewa mbali na baba yake, na kumuuliza swali ambalo Nigahen ililikwepa: ukizaliwa na mtu kama yule, unarithi nini? Kenneth Okonkwo anarudi akiwa Andy mzee aliyetubu na kuishika dini. Miaka zaidi ya 25 imepita kweli kwenye uso wake, na hakuna poda wala rangi inayoweza kutengeneza jambo hilo.

Sasa niingie kwenye mfano ambao kila mjuzi wa senema huutaja, nao unastahili: The Godfather ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972, na sehemu yake ya pili ya 1974. Hii ya pili ndiyo filamu ya mwendelezo ya kwanza kupata Oscar ya filamu bora. Ufundi wake, mtu wa Pujini ana namna ya kuuelewa upesi. Ndani ya magofu ya ngome ya mtawala Mkama Ndume, ya karne ya 15, kuna kisima kilichogawiwa kwa ukuta. Wazee husimulia kuwa Mkama Ndume aliujenga kwa ajili ya wake zake wawili wasiopatana: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenziwe akishuka kwa ngazi, wasionane. Maji yalikuwa yale yale. Coppola alijenga hivyo. Upande mmoja wa ukuta yuko Vito Corleone kijana, aliyechezwa na Robert De Niro, akianza maisha New York mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa pili yuko mwanawe Michael, aliyechezwa na Al Pacino, akiendesha himaya mwaka 1958. Vito huyo kijana na Michael huyo mtu mzima hawaonani hata mara moja. Kila mmoja anateka kutoka kwenye kitu kile kile, yaani familia, na mmoja anakijaza huku mwingine akikikausha.

Mpango wa namna hii ni rahisi kuutamka na mgumu kuutekeleza. Kwenye onesho la majaribio watazamaji walipotea, kwa sababu hadithi mbili zilikuwa zikipokezana haraka mno. Hujamzoea Vito, umesharudishwa kwa Michael. Coppola akarudi chumba cha uhariri, akapunguza idadi ya mapokezano na kukirefusha kila kipande ili mtazamaji apate muda wa kutulia ndani yake. Na pale anapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hakati ovyo. Mtoto Vito, yatima aliyefika Marekani peke yake, anawekwa karantini kwenye kisiwa cha Ellis. Anakaa kitini karibu na dirisha, miguu haigusi chini, anaimba. Picha inayeyuka polepole na badala yake anatokea mvulana wa rika lile lile, amevaa suti nyeupe, anatembea kanisani kwenye komunyo yake ya kwanza. Maandishi yanatujulisha kuwa ni mjukuu wake. Miaka zaidi ya 50 imevukwa bila mtu kusema neno, na tayari umeelewa kilichopatikana na unaanza kujiuliza kilichopotea.

Jibu linakuja kwenye sherehe inayofuata, nayo ndiyo sehemu ninayoihusudu kuliko zote. Filamu ya kwanza ilianza na harusi: watu wanacheza uani, na ndani ya ofisi yenye giza Don Vito anasikiliza shida za watu wanaomheshimu. Ya pili inarudia mpango huo huo, uani na ofisini, lakini kila kitu kimepinda. Ofisini safari hii yuko seneta, anaingia kwa Michael, anamtukana yeye na familia yake usoni na kumdai rushwa. Nje, alipokuwa jukwaani akiwasifu wenyeji, aliliboronga jina la ukoo wao. Kisha mzee Frank Pentangeli, mtu wa enzi za baba, anapanda kwenye bendi na kuwaomba wapige tarantela, ngoma ya Kitaliano. Wanamuziki hawaijui. Anajaribu kuwaongoza kwa mikono, wanahangaika kidogo, wanaishia kupiga wimbo wa watoto wa Kiingereza. Mzee anashuka amekasirika. Hakuna mhusika anayesema kuwa familia imekatika na asili yake, bendi imeshasema. Lakini nguvu ya tukio hilo inategemea uwe umeiona harusi ya filamu ya kwanza. Huko ndiko kurudia kwenye faida: mandhari ile ile ikiwekwa tena ili tupime umbali.

Na deni? Filamu ya kwanza iliisha Michael ameshinda, mlango unafungwa mbele ya mkewe Kay. Bei ya ushindi huo haikutajwa. Ya pili inaitaja yote, mpaka kaka yake Fredo. Karibu na mwisho tunarudishwa mwaka 1941, ndugu wote wako mezani wakimsubiri baba siku ya kuzaliwa kwake. Marlon Brando hakutokea siku ya kupiga picha, kwa hiyo Coppola akaipiga bila yeye: mlango unasikika, wote wanainuka kwenda kumlaki, na Michael, aliyekwisha kuwaambia kuwa amejiandikisha jeshini, anabaki mezani peke yake. Kasoro ya ratiba ikazaa picha bora ya filamu nzima.

Ya tatu, ya 1990, inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ni kweli mambo ya benki ya Vatikani yanaichosha, na kukosekana kwa Robert Duvall kunaacha pengo, kwa kuwa mhusika wake alikuwa dhamiri ya nyumba ile. Ila Michael anapomfungulia moyo kadinali bustanini na kukiri kuwa aliamuru kuuawa kwa ndugu yake, deni la filamu ya pili linalipwa barabara. Dakika hizo chache ndizo zilizohitajika. Zilizobaki zingeweza kupungua.

Yapo mapokeo mengine yasiyohitaji fedha nyingi kama za Coppola. Satyajit Ray wa Bengali alitengeneza filamu tatu za kijana Apu: Pather Panchali mwaka 1955, Aparajito 1956, Apur Sansar 1959. Fuata treni tu. Katika ya kwanza, Apu na dada yake Durga wanakimbia ndani ya nyasi ndefu zenye vichwa vyeupe wakaione ikipita. Ni ajabu ya dunia, na Durga hatafika utu uzima. Katika ya pili, treni imemchukua Apu kwenda kusoma mjini, na mama yake mgonjwa anakaa nje akiiangalia ikipita kwa mbali, akitumaini amerudi. Katika ya tatu Apu anaishi Kalkuta katika chumba kinachotazama yadi ya reli, na treni ni moshi na kelele. Chombo ni kimoja. Maana yake inazeeka pamoja na mtu. Hakuna gharama yoyote katika ufundi huo zaidi ya kukumbuka ulichokionesha mwanzo.

James Cameron alikuwa na fedha, na alizitumia kwa akili. Katika The Terminator ya 1984 roboti la Arnold Schwarzenegger linamwinda Sarah Connor, mhudumu wa mgahawa asiyejua hili wala lile. Katika ya 1991 roboti la sura ile ile linamlinda mwanawe, na Sarah, akiwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, analiona likitokea kwenye lifti na miguu inamwisha. Kwa mtoto ni mlinzi. Kwa mama ni jinamizi la miaka. Tukio hilo haliwezi kuandikwa katika filamu ya kwanza, na hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha sehemu ya pili.

Mtanzania aliyeukaribia ufundi huu ni Josiah Kibira, aliyefanyia kazi zake Minnesota, Marekani. Alitoa Bongoland mwaka 2003, Tusamehe 2005, na Bongoland II mwaka 2008. Ya kwanza inamhusu Juma Pondamali, mhamiaji anayehangaika kwenye nchi ya baridi na karatasi, roho ikimvuta nyumbani. Ya mwisho inampa alichokitamani: anarudi. Na hapo ndipo Kibira alipofanya jambo la busara, kwa sababu kurudi kunamletea kazi mpya ya kujifunza kuishi kwao. Safari imegeuzwa, ugeni umebaki. Bajeti ilikuwa ndogo na inaonekana, sauti mahali pengine inayumba, lakini mifupa ya hadithi ni ya mwendelezo wa kweli, na waandishi wetu wa Dar na Unguja wangefaidika kuisoma kwa makini kuliko wanavyoisoma.

Na sisi Pemba tunayo mada yenye sehemu zaidi ya moja, imekaa inangoja. Hadithi ya Mkama Ndume kama inavyosimuliwa hapa ni ya mtawala katili aliyewalazimisha watu kubeba mawe ya ngome huku wakijiburura kwa makalio. Haikomei Pujini. Kaskazini mwa kisiwa, Chwaka karibu na Tumbe, kuna magofu yanayonasibishwa na Haruni, anayesemwa kuwa mwanawe, naye husimuliwa kwa ukatili unaofanana na wa baba. Hiyo ndiyo Nigahen ya masimulizi yetu: mtoto amewekwa katika nafasi ya mzazi na kupitishwa njia ile ile. Mwongozaji atakayeichukua hadithi hii atashawishika kutengeneza hivyo, jiwe na kiboko mara mbili. Asikubali. Deni la hadithi ya Pujini haliko kwa mtawala. Liko kwa waliobeba, na kwa wale wake wawili walioishi na ukuta kati yao. Mmoja wao huenda ndiye mama yake Haruni, na mwandishi ana ruhusa ya kuamua ni yupi.

Sehemu ya tatu nayo ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia alianza utafiti hapa, na boma la ulinzi la namna ya Pujini ni nadra mno katika miji ya Waswahili ya zama zile. Fikiria watu wa kijiji wakishika majembe na mabrashi, wakiinua mawe ambayo masimulizi yanasema yalibebwa kwa mateso: upande mmoja wa hadithi ni karne ya 15, upande wa pili ni juzi, na jiwe ni lile lile, kama treni ya Ray.

Wala mwandishi asijifunge kuzipanga zote tatu kwa mpigo. Ray alipokuwa akitengeneza Pather Panchali hakuwa na wazo la filamu tatu. Aandike ya kwanza mpaka ngome isimame, halafu asome upya mswada wake na kutafuta ni nani aliyepita ndani yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kupewa neno la kusema. Huyo ndiye wa kumfuata mpaka Chwaka.